Picha Bila Jina ni Mzigo Bila Mwenyewe

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Unguja kwenda Ujiji alivuka bahari hadi Bagamoyo, akapanda bara hadi Tabora, na mbele yake ilikuwapo Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Mirambo alipoifunga njia hiyo mwaka 1871, biashara ya pembe ilitikisika hadi Unguja. Kwa hiyo historia ya Urambo si ya Wanyamwezi peke yao, bali ni ya ndugu zetu wa Visiwani pia. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo kuu, tangu Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia.

Je, kijana wa Makunduchi au Wete atakaye kuiona Urambo aione wapi? Tangu Serikali ilipozindua tovuti za mikoa na halmashauri za Bara mwaka 2017, mahali pa maktaba ya picha pamekwisha tengwa. Shule, makumbusho na vyama vya utamaduni vyenye tovuti zao navyo vyaweza kujipatia maktaba kama hiyo kwa programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa katika tovuti ili kuipa kazi mpya. Katika tovuti iliyojengwa kwa WordPress, fundi huichagua programu hiyo, huiwasha, hupakia picha, huzipanga kwa mafungu, kisha huliweka kila fungu katika ukurasa wake. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala siku nyingi.

Lakini yafaa ieleweke kwamba chombo si shehena. Pagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, nao ulipimwa na kufungwa barabara kabla ya safari. Picha nazo zahitaji kufungwa hivyo.

Kwanza ni uzito. Picha moja ya simu yaweza kuwa na megabaiti 4. Picha 20 ni megabaiti 80, na anayelipa ni mwananchi mwenye kifurushi kidogo. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, zote 20 zitakuwa na uzito wa ile moja.

Pili ni jina. Aghalabu tunakuta katika tovuti za umma picha za watu waliosimama mstari mmoja, chini yake pameandikwa "matukio mbalimbali". Picha ya kaburi la Mirambo, ya mabani ya tumbaku, au ya mabaki ya ule mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, haina budi kutaja mahali, mwaka, waliomo na mpiga picha. Kadhalika yaandikwe maelezo mbadala, ambayo mitambo huwasomea kwa sauti wenzetu wasioona.

Tatu ni ulinzi. Programu-jalizi isiyosasishwa huwafungulia wezi mlango. Na ikiachwa na watengenezaji wake, mpangilio wote waweza kupotea. Picha asilia zihifadhiwe mahali pawili nje ya tovuti, pamoja na orodha ya majina yake.

Tunawasihi viongozi wa ofisi wamkabidhi mtumishi mmoja dhamana hii, aulizwe kila robo mwaka ameongeza nini na amesahihisha nini. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao wengi wana jamaa Tabora na Urambo tangu enzi za misafara, wafungue makasha yao, watoe nakala za picha na, zaidi ya hizo, majina. Fundi wa tovuti aweza kupatikana mwaka wowote. Mzee anayewajua waliomo pichani hatungojei mpaka bajeti ijayo ipitishwe.