Uhusika wa Nomino katika Kilatini cha Mwanzo: Mwanafunzi wa Wabera na Lugha za Nyumbani Kwake

Somo la kwanza la Kilatini huanza, kwa kawaida, na jedwali la nomino. Mwanafunzi hupewa neno puella, yaani 'msichana', au mensa, yaani 'meza', akatakiwa kulikariri katika sura zake zote: puella, puellam, puellae na kadhalika, umoja kwanza, kisha wingi. Hukariri vizuri. Shida humpata siku anapoulizwa kwa nini neno moja liwe na sura nyingi kiasi hicho, kwani maelezo anayopewa huja kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na lugha hizo mbili hazibadili mwisho wa nomino ili kuonyesha ni nani atendaye na ni nani atendwaye. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa mwanafunzi atokaye kata ya Wabera, katika mji wa Isiolo, njia hiyo ni ya mzunguko. Jambo analoelezwa kana kwamba ni geni kabisa analitumia nyumbani kila siku.

Wabera ni kata ya mjini. Jina lake ni la Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo aliyeuawa mwezi wa Juni, 1963. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa ya awali yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na kwamba mahali penye mchanganyiko wa watu Kiswahili kishike nafasi hiyo. Pendekezo hilo lina busara yake. Hata hivyo, mahali palipo na mchanganyiko kama Isiolo, mtoto anaweza kufika sekondari bila mwalimu yeyote kumwambia neno moja juu ya sarufi ya lugha ya mama yake.

Kilatini chenyewe hakina tena nafasi kiliyokuwa nayo. Wakati wa ukoloni kilikuwa miongoni mwa masomo ya mitihani ya Cambridge, na kwa muda mrefu vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikidai kwa kila aliyetaka kuingia. Sharti hilo liliachwa mnamo mwaka 1960. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati ya Desemba 1963, ukafungua mlango wa misa kuadhimishwa kwa lugha za watu. Leo mwanafunzi wa Kenya hukutana na lugha hii hasa seminarini.

Ichukuliwe sentensi fupi: Vir puellam vocavit, 'mwanamume alimwita msichana'. Maneno yakipangwa upya, Puellam vir vocavit, maana haigeuki, kwani m ya puellam imekwisha kutangaza kwamba msichana ndiye aliyeitwa. Ikitakiwa msichana awe mwitaji, itasemwa Puella virum vocavit. Kiswahili hakifanyi hivyo. Katika 'kitabu msichana alikisoma', viambishi vya kitenzi hutusaidia, kwa kuwa a- ni ya msichana na -ki- ni ya kitabu. Lakini nomino zote mbili zikiwa za ngeli moja, 'mwanamume alimwita msichana' na 'msichana alimwita mwanamume', kitenzi ni kile kile, alimwita, na mpangilio wa maneno ndio unaobeba mzigo wote. Kiambishi pekee cha mwishoni kinachokaribia uhusika katika Kiswahili ni -ni ya mahali: nyumbani hulingana vema na domi ya Kilatini. Baada ya hapo mlinganisho unakatika.

Kukatika huko kulionekana zamani. Mwaka 1659 Mkapuchini Giacinto Brusciotto alichapisha mjini Roma, kwa Kilatini, sarufi ya Kikongo. Alikuwa amelelewa katika majedwali ya miishilio, lakini nomino za Kikongo hazikumpa miishilio. Badala ya kuilazimisha aliunda istilahi yake, principiationes, yaani makundi yanayotambulikana kwa mianzo ya maneno. Huo ni mmoja wa mizizi ya kale kabisa ya kile tunachokiita ngeli. Wengi waliokuja baadaye hawakuwa na ujasiri huo, nao waliandika majedwali yenye uhusika sita kwa lugha za Kibantu, kila mstari ukirudia neno lile lile.

Sasa Kiborana, ambacho ni lahaja ya Kioromo, lugha ya Kikushi. B. W. Andrzejewski alianza kuchapisha uchunguzi wake juu ya lahaja hii mwaka 1957, na Harry Stroomer akailinganisha na Kiorma na Kiwaata katika kitabu chake cha mwaka 1987. Mifano ifuatayo imeandikwa kwa tahajia ya Qubee, iliyopitishwa Ethiopia mwaka 1991. Nama ni 'mtu' au 'mwanamume', na intala ni 'msichana'. 'Mwanamume alimwita msichana' husemwa Namni intala waame. 'Msichana alimwita mwanamume' husemwa Intalti nama waamte. Mtendaji amepata kiambishi tamati, -ni kwa nama na -ti kwa intala, na kitenzi kimekaa mwisho kama kinavyopenda kukaa katika Kilatini cha vitabuni. Si hayo tu. Harka ni 'mkono', na harkaan ni 'kwa mkono', neno moja lisilohitaji kihusishi, sawasawa na manu ya Kilatini. Namaaf ni 'kwa ajili ya mtu', pale ambapo Kilatini kina viro. Umilikaji nao huonyeshwa kwa kurefusha irabu ya mwisho: mana ni 'nyumba', na mana namaa ni 'nyumba ya mtu', domus viri. Kihusishi '-a', ambacho mwanafunzi hufundishwa kukitafuta kila aonapo viri, hakimo katika Kilatini wala katika Kiborana. Kimo katika lugha ya mwalimu tu.

Hapa lazima pawekwe tahadhari, kwani mlinganisho huu una mtego, na mwalimu asiyeujua atamdhuru mwanafunzi kuliko yule asiyelinganisha kabisa. Katika Kilatini sura iliyomo katika kamusi, puella, ndiyo ya kiima, na yambwa ndiyo inayoongezewa alama. Katika Kiborana mambo yamegeuka: intala, sura ya kutajia neno, ndiyo ya yambwa, na kiima ndicho kinachoongezewa alama. Akiambiwa tu kwamba 'Kilatini ni kama Kiborana', mtoto atachukua puella kwa yambwa na puellam kwa kiima, na kosa lake litakuwa la kimantiki kabisa. Mwalimu wake ataliona kuwa ni uzembe. Dawa ni sentensi mbili zilizoandikwa ubaoni sambamba, Intalti nama waamte juu ya Puella virum vocavit, na swali moja: alama iko juu ya nani?

Kisomali kinashiriki tabia hiyo hiyo. Ninka ni 'yule mwanamume', lakini akiwa kiima huwa ninku. Vivyo hivyo naagta na naagtu kwa mwanamke. Kisomali kina jambo la ziada: kiima kikitiliwa mkazo kwa neno ayaa hurudi kwenye sura ya ninka. Kilatini hakina la namna hiyo.

Kwa upande wa msamiati, mwanafunzi wa Kimeru, ambaye lugha yake ni ya Kibantu na haimsaidii katika miishilio, hakuachwa mikono mitupu. Kireno kilipitisha maneno ya Kilatini hadi pwani yetu: meza kutoka mensa, mvinyo kutoka vinum, padri kutoka pater. Hata gereza lilitokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa, na nyuma yake ecclesia. Shule ilipitia Ujerumani, kutoka schola. Maneno hayo hukaririwa kwa siku moja.

Wanaobaki ni Wasamburu na Waturkana, nao ndio wenye hali ngumu zaidi kuieleza. Lugha zao ni za Kinailoti, kitenzi hutangulia, na kiima hutofautiana na yambwa kwa toni. Tucker na Mpaayei walilionyesha hilo kwa Kimaasai, ndugu wa Kisamburu, mwaka 1955. Dimmendaal akafanya hivyo kwa Kiturkana mwaka 1983. Kiturkana kina hata jinsia tatu, ya kiume, ya kike na isiyo ya upande wowote, ingawa hiyo ya tatu haigawi vitu kama ile ya Kilatini. Mtoto wa Kiturkana basi ana uhusika na ana jinsia tatu. Lakini tahajia ya kawaida haiandiki toni. Akiandika jina la mnyama kama kiima na kama yambwa, karatasi itaonyesha maneno mawili yaliyo sawa, naye atasadiki karatasi. Kwake mwalimu hana budi kuanza kwa sikio: amtake aseme sentensi mbili kwa sauti, asikilize palipopanda na paliposhuka, ndipo afungue jedwali la puella.