Kisu Kikae Alani: Bakteria wa Mifugo na Tabia Zao

Ng'ombe aliyelala mzima akakutwa mzoga asubuhi, tumbo limejaa, damu nyeusi isiyoganda inachuruzika puani na sehemu ya haja, hachunwi wala hapasuliwi. Wafugaji wa Monduli na Ngorongoro wamelisikia onyo hilo tangu utotoni. Wengi hulipuuza, maana ng'ombe mmoja ni fedha nyingi na kumfukia mzima mzima kunauma. Wataalamu wa mifugo nao wana kawaida ya kutoa amri wakaacha sababu nyuma, ilhali sababu yenyewe inamtosha mtu kurudisha kisu alani bila kutishwa.

Ikiwa kilichoua ni kimeta, damu ya mzoga huo imejaa bakteria aitwaye Bacillus anthracis. Akiwa bado anakua na kugawanyika, bakteria huyu ni dhaifu. Mzoga ukiachwa bila kupasuliwa, oksijeni iliyomo huisha, bakteria wa utumboni wanaoozesha nyama huchachamaa, na yule wa kimeta hushindwa nguvu na wengi wao hufa katika siku chache. Kisu kikipita mambo hugeuka. Damu ikikutana na hewa, kila bakteria hujifungia ndani ya spora, gamba gumu lisilojali jua, ukame wala njaa. Hawezi kuitengeneza spora hiyo pasipo oksijeni. Kwa hiyo anayepasua mzoga ndiye anayempa bakteria hewa aliyokuwa akiikosa, kisha humwaga damu pale pale ambapo mifugo italisha mvua zikinyesha.

Spora hizo hukaa udongoni muda gani? Mwaka 1942 Waingereza walilipua mabomu ya spora za kimeta katika kisiwa kidogo cha Gruinard, Scotland, kwa kujaribu silaha juu ya kondoo. Kondoo walikufa, kisiwa kikapigwa marufuku. Kilikuja kusafishwa mwaka 1986 kwa kunyunyiziwa formalini iliyochanganywa na maji ya bahari, na marufuku ikaondolewa mwaka 1990. Hapo ni karibu miaka 50, na bila formalini pengine kisiwa kingekuwa kimefungwa mpaka leo. Katika mbuga zetu hakuna wa kunyunyiza formalini. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko kwa mamia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Mwaka 2015 kikaua nyati wengi Nakuru, Kenya.

Siri ya spora iligunduliwa na daktari wa wilaya, tena mbali na vyuo vikuu. Robert Koch alikuwa akitibu watu katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland, na kimeta kilikuwa kikimaliza kondoo wa eneo lake. Aliweka vijidudu vya kimeta katika tone la maji ya jicho la ng'ombe, akakaa kwenye hadubini akiangalia. Vijiti vifupi vikarefuka vikawa nyuzi, ndani ya nyuzi zikatokea punje zinazong'aa, na punje zikirudishiwa chakula na joto zikazaa vijiti tena. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1876. Ilikuwa mara ya kwanza bakteria mmoja kuthibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa mmoja mahususi. Madaktari wa binadamu hawapendi sana kukumbushwa kwamba somo hili walianzishiwa zizini.

Na kama mzoga haupasuliwi, ugonjwa unathibitishwaje? Kwa sikio. Mtaalamu aliyevaa glavu hukata mshipa mdogo wa sikio, akachukua tone moja la damu, akalipaka kwenye kioo na kuliacha likauke. Pale alipokata hupaziba kwa pamba yenye dawa. Kioo hupakwa rangi ya buluu ya methilini iliyokaa muda mrefu, kwa njia iliyoelezwa na John M'Fadyean mwaka 1903. Chini ya hadubini huonekana vijiti vya buluu, ncha zake kama zimekatwa kwa wembe, vimepangana viwili viwili au katika minyororo mifupi, na kuzunguka kila kimoja kuna ukungu wa rangi ya waridi. Ukungu huo ndio utambulisho. Ni koti ambalo bakteria hulivaa ili chembe nyeupe za damu zishindwe kummeza.

Koti hilo ndilo lililofungua njia ya chanjo. Katika miaka ya 1930, Max Sterne wa Onderstepoort, karibu na Pretoria, alipata aina ya bakteria wa kimeta aliyepoteza koti lakini akabaki na uwezo wa kutengeneza spora. Aina hiyo, iitwayo 34F2, ndiyo inayochanja mifugo katika sehemu kubwa ya dunia hadi sasa. Kwetu, chanjo za kimeta na chambavu hutengenezwa Kibaha, mkoani Pwani, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kumbuka kwamba chanjo ya Sterne ni bakteria hai. Mfugaji anayechanja leo na kuchoma penisilini kesho “kwa usalama” anaiua chanjo aliyoilipia.

Chambavu ni ndugu wa kimeta kwa kuishi udongoni kwa spora, ila tabia yake kuhusu hewa ni kinyume kabisa. Clostridium chauvoei hukua pasipo oksijeni tu. Spora zake humezwa pamoja na majani, hupenya hadi kwenye misuli na kulala humo bila kumdhuru mnyama. Siku ndama akipigwa teke au akibanwa kwenye josho, msuli huvilia, damu haifiki vizuri, oksijeni hupungua, na spora huamka. Bakteria hutoa sumu na gesi. Paja huvimba, na ukilibonyeza linatoa sauti kama karatasi kavu. Wanaokufa mara nyingi ni wale vijana walionona, umri wa miezi 6 hadi miaka 2. Penisilini inamuua bakteria huyu vizuri sana, lakini mfugaji akishaona uvimbe, saa zilizobaki ni chache.

Penisilini inatajwa sana hapa kwa sababu moja. Bakteria wengi wana ukuta nje ya chembe yao, na dawa hiyo huwazuia kuujenga. Ukuta huo ndio anaoufuata mtaalamu wa maabara anapotumia rangi za Hans Christian Gram, aliyebuni njia yake mjini Berlin mwaka 1884: wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wenye ukuta mwembamba huoshwa rangi hiyo na kupakika nyekundu. Hiyo ni hatua ya kwanza katika karibu kila maabara ya mifugo. Lakini wako ambao rangi za Gram haziwasemi lolote, kwa kuwa ukuta hawana kabisa.

Hao ni maikoplazima, na kwetu maarufu wao ni Mycoplasma mycoides, msababishaji wa homa ya mapafu ya ng'ombe. Ni wadogo mno. Mwaka 1898 Edmond Nocard na Émile Roux, Wafaransa, waliwanasa kwa ujanja: walitia majimaji ya mgonjwa na mchuzi wa lishe katika vifuko vya kolodioni, wakavishonea ndani ya tumbo la sungura. Chakula kilipenya kuingia, chembe nyeupe za sungura hazikuweza. Baada ya wiki mbili hivi mchuzi ulikuwa umechafuka, na hadubini ikaonyesha vijidoa ambavyo umbo lake halikushikika.

Ng'ombe mwenye homa hiyo husimama ametanua miguu ya mbele, shingo imenyooka, anakohoa akitembezwa. Akichinjwa, kifua humwaga lita kadhaa za maji ya rangi ya majani makavu, na pafu, mara nyingi moja tu, limekuwa gumu na lenye michirizi kama marumaru. Mgonjwa wa namna hiyo hamdanganyi mtu. Anayesumbua ni aliyepona. Mwili wake umelizungushia ukuta kipande cha pafu kilichokufa, na ndani ya kipande hicho maikoplazima wanaweza kuendelea kuishi kwa miezi. Ananenepa, ngozi inang'aa, anapelekwa mnadani na kupata bei nzuri.

Penisilini haimfanyi lolote bakteria asiye na ukuta. OTC, ile sindano ya njano ambayo wafugaji wengi wanayo nyumbani, humgusa, kwa kuwa yenyewe huzuia utengenezaji wa protini. Homa hushuka, kikohozi hutulia. Wataalamu wengi wamehofia kwamba ng'ombe aliyetulizwa hivyo anaweza kubaki na ugonjwa pafuni na kuzuru mazizi mengine, na mimi nadhani hofu hiyo ina msingi, hasa pale dozi inapopimwa kwa macho na kukatwa siku ya pili. Njia iliyozoeleka ni chanjo, na chanjo kuu ina asili ya kwetu: T1/44. Bakteria wake alipatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mpole kwa asili, kisha akakuzwa katika mayai yenye vifaranga kwa kuhamishwa mara 44. Kinga yake hudumu kama mwaka, hivyo kundi huchanjwa tena na tena. Binamu yake wa mbuzi alikuwa mgumu zaidi kukuzwa. Alikuja kutambulika mwaka 1976 nchini Kenya.

Bado kuna anayejificha kuliko hao. Brusela humezwa na chembe nyeupe za damu, na badala ya kusagwa humo, hufanya makazi. Kwa ng'ombe mwenye mimba hukimbilia kondo la nyuma, lenye sukari iitwayo erithritoli ambayo bakteria huyu anaipenda mno. Mimba hutoka, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tano, na kondo hilo huanguka likiwa na bakteria wasiohesabika. Mimba inayofuata huweza kufika salama, mfugaji akasema yameisha, kumbe maziwa bado yanawatoa. David Bruce alimpata bakteria wa kundi hili Malta mwaka 1887 katika wengu za askari waliokufa; mwaka 1905 Themistocles Zammit akamkuta kwenye mbuzi, na maziwa mabichi yakashikwa na hatia. Mtu aliyeambukizwa huwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na katika zahanati zetu ni rahisi akaandikiwa dawa za malaria. Kumtoa bakteria mafichoni huchukua angalau wiki 6 za doksisaiklini pamoja na rifampisini au streptomaisini. Ng'ombe hatibiwi, hulindwa kwa kuchanja mitamba.

Chanjo ya zamani, S19, ilitokana na bakteria aliyetengwa mwaka 1923 na John Buck, Mmarekani, kisha akasahauliwa mezani kwa zaidi ya mwaka katika joto la chumba mpaka makali yakapungua. Hata hivyo, mtamba aliyechanjwa akipimwa baadaye, majibu ya damu yake huweza kufanana na ya mgonjwa. Ndiyo maana ikaja RB51, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, isiyovuruga vipimo. Ilipatikana kwa kumkuza bakteria mara nyingi mbele ya rifampisini, na huyo aliyebaki haogopi tena dawa hiyo. Zote mbili ni hai na zote humwambukiza mtu. Anayejichoma sindano kwa bahati mbaya akichanja mitamba aende hospitali na chupa ya chanjo mkononi: ikiwa imeandikwa RB51, rifampisini haitamsaidia.