Shangwe na kilio katika ibada moja

Kila mara baada ya mauaji swali moja linarudi katika makanisa yetu ya Beni na Butembo: Jumapili inayofuata tupige ngoma ao tuache? Wengine husema kucheza mbele za Bwana wakati jirani yuko katika matanga ni kumdharau. Wengine hujibu kwamba mwamini hapaswi kulia, asifu tu hadi huzuni itoke. Sisi tunaona pande zote mbili zingepaswa kusoma tena Ezra sura ya 3.

Watu wale walikuwa wametoka uhamishoni Babeli. Aya ya 3 inaeleza kwamba walisimamisha madhabahu huku wakiwaogopa watu wa nchi zilizowazunguka. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka bado. Nehemia angekuja kuujenga miaka mingi baadaye. Kwa hiyo hawakungoja usalama ndipo waabudu. Mwaka wa pili wakaweka msingi wa hekalu, makuhani wakapiga tarumbeta, wana wa Asafu wakapiga matoazi, wakaimba kwa kupokezana juu ya wema wa Mungu usiokoma.

Lakini wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kubwa. Hatusomi kwamba kuhani aliwanyamazisha, wala kwamba wazee walisimamisha wimbo. Sauti zilichanganyika hata hakuna aliyeweza kutenga shangwe na kilio, nazo zilisikika mbali. Biblia inaita hiyo ibada.

Wimbo wenyewe haukusema kwamba sasa wako salama. Ulisema Mungu ni mwaminifu, na hayo ni mambo mawili. Tazama Zaburi 136: aya 26, na kila aya inaishia kwa kiitikio kilekile. Inataja uumbaji, Bahari ya Shamu, jangwa, wafalme Sihoni na Ogu, kisha jinsi watu walivyokumbukwa katika unyonge wao, na mwisho chakula. Ni hesabu ya matendo. Mmoja anataja tendo, wengi wanaitikia, kama tunavyozoea kuimba sisi wenyewe. Ndiyo maana shangwe ni kazi ya kusanyiko. Mama aliyezika mtoto wiki hii pengine hana sauti ya kuitikia. Wengine wanaitikia kwa niaba yake. Kumwambia abaki nyumbani hadi apone ni kumnyima wimbo wakati anapouhitaji zaidi.

Hata kwetu kuna ya kuhesabu. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaua watu zaidi ya 2,200, na tarehe 25 Juni 2020 ikatangazwa kwamba imekwisha. Tulikuwa tukinawa mikono mlangoni mwa kanisa na hatukusalimiana kwa mkono. Leo tunashikana mikono tena, na ni watu wangapi wanaolitaja jambo hilo katika shukrani zao?

Hapa tunaomba uangalifu kwa wahubiri wanaopenda 2 Mambo ya Nyakati 20, pale Yehoshafati alipowatanguliza waimbaji mbele ya jeshi. Tumesikia ikifundishwa kwamba sifa zikiwa na nguvu ya kutosha waasi hawatafika. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi ndani ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, siku ya ubatizo, na watu zaidi ya 10 wakafa. Ni nani atakayesema ndugu wale hawakusifu vya kutosha? Yehoshafati alipewa neno na Yahazieli kwa ajili ya siku ile moja. Kuimba si hirizi.

Shangwe ya Biblia ina alama nyingine ambayo sisi husahau upesi. Kumbukumbu la Torati 16 inataja watakaofurahi kwenye sikukuu: pamoja na jamaa ya nyumbani wamo mgeni, yatima na mjane. Na katika Nehemia 8, watu walipolia kwa kusikia torati, waliambiwa wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale wasiotayarishiwa kitu. Furaha ile ilitembea na sahani.

Katika ibada ya mavuno akina mama wetu wanaingia wakicheza, vichwani ndizi, maharagi, viazi na mihogo, kisha mara nyingi vitu vinapigwa mnada kwa faida ya parokia. Ni vizuri. Lakini Butembo imejaa jamaa zilizokimbia mashamba yao katika teritware za Beni na Lubero, na nyingi zao zilikuwa zikileta mavuno hayohayo kwao. Tunapendekeza sehemu yao itengwe kabla ya mnada kuanza, isiwe mabaki. Tena wasipewe chakula tu. Waombwe kuongoza wimbo mmoja walioimba kule walikotoka. Kama mwimbishaji akishindwa katikati kwa sababu ya machozi, wapiga ngoma wasiache. Wapunguze tu, na kusanyiko lipokee kiitikio.