Maziwa yaleyale, tumbo mbalimbali

Mama msomaji, pengine umeona jambo hili nyumbani kwako Itebero. Baba ametoka kwenye shimo la kasiterite na vifranka kidogo, ananunua maziwa ya unga. Usiku vijana wawili wakubwa wanashikwa na tumbo: linavimba, linanguruma, wanaharisha. Baba mwenyewe hana neno, na kitinda-mimba wa miaka miwili analala vizuri. Asubuhi jirani anasema: "Balibapa karuho!" Na sasa wote wanamtazama mwenye butiki.

Ngojeni kwanza. Maziwa yana sukari yake, laktozi. Mtoto mchanga ana kitu tumboni cha kuivunja. Kwa watu wengi kitu hicho kinapungua wanapokua; kwa wengine kinabaki, juu ya alama ya urithi, jeni, waliyopewa na mzazi. Baba anaweza kuwa nayo, watoto wake wakaikosa. Hapo nani amemroga nani?

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Wafugaji wengi walikuwa na alama yao wenyewe, si ile ya Wazungu. Basi kipimo kinachotafuta alama ya Wazungu peke yake kitamwambia mfugaji wa Kenya kwamba maziwa hayamfai, na yeye anayanywa kila siku!

Vijana, nyinyi wenye simu, mtaona matangazo: tuma mate yako, tukuambie ule nini. Mwaka 2006 wakaguzi wa Bunge la Marekani walinunua vipimo vya namna hiyo kwa wauzaji wanne. Walijifanya wateja 14, lakini chembe zilitoka kwa watu wawili tu, mmoja mtoto mchanga. Mashauri yalikuja mbalimbali, kufuatana na majibu ya karatasi. Mmoja alitaka dola 1,200 kwa mwaka za vidonge "vyako mwenyewe". Vitamini za kufanana navyo dukani zilikuwa kama dola 35. Ufaransa sheria inakataza mtu kujinunulia kipimo cha jeni bila njia ya muganga, na kuna faini.

Kipimo cha nyumbani hakina bei. Vijana wale waache maziwa wiki mbili, kisha wajaribu kidogo, pamoja na bugali. Mashanza na fromaji ya Masisi vina laktozi kidogo, wengi wanavivumilia. Ziwa la mama usimkatie mtoto mchanga. Na kama kuna homa, damu, au mdogo anaharisha bila kukoma, hiyo si habari ya maziwa tena: mpeleke kituo cha afya siku ileile.