Je, Wajua? Ya kujua kabla leza haijagusa jicho lako

Kila mvaa miwani ana siku anapoichoka. Mvua imejaza matone kwenye vioo, mvuke wa sufuria umevifunika, au mtoto ameikalia miwani na mkono wake mmoja umevunjika. Ndipo mtu huanza kuulizia upasuaji wa leza, ambao siku hizi unafanyika hata Nairobi. Kabla hujaulizia bei, pitia haya.

Je, wajua leza hugusa wapi?
Haifiki kwenye mboni wala kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Hufanya kazi kwenye konea, ule ukuta angavu ulio mbele kabisa. Konea ndiyo inayobeba takriban theluthi mbili ya nguvu ya jicho ya kupinda mwanga, kwa hiyo ukibadilisha umbo lake kidogo tu, namba ya miwani hubadilika. Unene wake katikati ni nusu milimita na ushei.

Je, wajua konea haina mshipa wa damu?
Sehemu kubwa ya oksijeni yake hutoka hewani, kupitia machozi. Ndiyo maana daktari makini hupima machozi yako kabla ya kuzungumzia leza.

Je, wajua yote haya yalipita kwenye nyama ya bata mzinga?
Mwishoni mwa Novemba 1981, huko Yorktown Heights, New York, mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan alifika kwenye maabara ya kampuni ya IBM na mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani. Akaielekezea nyama ile leza ya eksima, yenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193 usioonekana kwa macho. Mwanga ulichonga mfereji safi, wala nyama ya pembeni haikuungua. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walitambua kwamba wamepata kisu kinachoondoa tishu bila kuichoma. Miaka miwili baadaye, 1983, daktari wa macho Stephen Trokel akaonyesha kwamba leza hiyo inaweza kuchonga konea.

Je, wajua kabla ya leza konea iligandishwa?
Katikati ya karne ya 20, mjini Bogotá, Colombia, daktari José Ignacio Barraquer alikata kipande cha mbele cha konea, akakigandisha, akakikereza kwa mashine kama seremala anavyokereza mguu wa kitanda, kisha akakirudisha jichoni. Wazo la kurekebisha uoni kwa kuchonga konea lilianzia hapo.

Je, wajua leza nyingine ilizaa Nobel?
Kipande cha konea kinachofunuliwa kwenye LASIK, aina ya upasuaji wa leza itakayoelezwa hapa chini, leo hukatwa mara nyingi kwa leza ya femtosekunde. Sekunde moja ina femtosekunde trilioni 1,000. Njia ya kutengeneza mipigo ya mwanga mifupi na yenye nguvu kiasi hicho iliwapa Donna Strickland na Gérard Mourou Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Je, wajua "kufanya leza" kuna aina zaidi ya moja?
Tatu ndizo zinazotajwa sana:

- *LASIK:* kipande chembamba cha konea hufunuliwa kama jalada la kitabu, leza huchonga chini yake, kisha hurudishwa bila uzi. Wengi huona vizuri kesho yake.
- *PRK:* ngozi ya juu kabisa ya konea huondolewa, leza huchonga hapo hapo, na ngozi huota upya kwa siku 3 hadi 5. Siku hizo zina maumivu, na uoni huchukua wiki kadhaa kutulia. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 1995.
- *SMILE:* leza huchonga kijilenzi ndani ya konea, nacho hutolewa kupitia tundu dogo. Marekani iliiruhusu mwaka 2016.

Je, wajua kipande cha LASIK hakirudii uimara wake wa kwanza?
Hushika, lakini pigo kali la jicho linaweza kukisogeza hata baada ya muda mrefu. Kwa bondia, mwanajeshi na yeyote ambaye kazi yake ina hatari ya kupigwa usoni, madaktari wengi hupendekeza PRK.

Je, wajua hesabu ya konea unaweza kuifanya mwenyewe?
Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila namba moja ya miwani ya kutoona mbali hula takriban mikroni 12 hadi 15 za konea. Kipande cha juu cha LASIK huwa na mikroni kama 110. Chini yake, baada ya kuchongwa, zisibaki pungufu ya 250, na madaktari wengi hutaka zaidi.

Chukua mtu mwenye konea ya mikroni 540 na namba −6. Toa 110, toa kama 84, zinabaki 346. Huyo ana nafasi. Mwingine ana konea ya 480 na namba −9. Toa 110, toa kama 126, zinabaki 244. Huyo akifanyiwa LASIK, konea yake inaweza kulegea na kuchomoza mbele, na uoni wake ukaharibika kuliko ulivyokuwa kabla. Muulize daktari maswali mawili: yangu ina mikroni ngapi, na zitabaki ngapi?

Je, wajua kufikicha macho kunaweza kukufungia mlango?
Kuna ugonjwa uitwao keratokonasi, ambamo konea hukonda na kuchomoza mfano wa pia. Kufikicha macho kwa nguvu, mwaka nenda mwaka rudi, kunahusishwa nao sana. Mzio wa macho ni jambo la kawaida kwa watoto wa sehemu zenye joto na vumbi, Afrika Mashariki ikiwemo, na wengi hukua wakifikicha. Mwenye keratokonasi, hata iliyojificha, hafai kufanyiwa LASIK. Hugunduliwa kwa kipimo kinachochora ramani ya konea. Kliniki isiyochora ramani hiyo, ondoka.

Je, wajua umri pekee hautoshi?
Chini ya miaka 18, jicho bado linabadilika. Hata kwa mtu mzima, namba ya miwani inatakiwa iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi. Njoo na karatasi za vipimo vya zamani, ndizo ushahidi wako.

Je, wajua mimba hubadilisha macho?
Homoni za ujauzito na kunyonyesha zinaweza kuyumbisha namba na kukausha macho. Mama mjamzito au anayenyonyesha husubiri.

Je, wajua dawa ya chunusi ni habari muhimu kwa daktari wa macho?
Vidonge vya isotretinoini hukausha macho na vinaweza kuharibu uponaji. Taja kila dawa unayotumia, hata ile unayoona haihusiani na macho. Taja pia kisukari, lupasi, baridi yabisi na ugonjwa wowote unaopunguza kinga ya mwili. Ukimficha daktari, unayeumia ni wewe.

Je, wajua lenzi za kuvaa machoni hudanganya vipimo?
Huibonyeza konea na kuibadilisha umbo. Lenzi laini huachwa angalau wiki 2 kabla ya kupimwa, zile ngumu zinazopitisha hewa wiki 3, na ngumu za zamani wiki 4. Ukipimwa ukiwa umezivua jana yake, leza itachonga kwa vipimo visivyo vyako.

Je, wajua wanja huachwa nyumbani?
Kuanzia siku moja kabla, usipake wanja, poda, losheni wala manukato. Chembechembe zake zinaweza kuleta maambukizi. Na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana hutaendesha gari wala pikipiki siku hiyo.

Je, wajua utakuwa macho muda wote?
Ganzi ni ya matone. Kope hushikiliwa na kifaa, kwa hiyo usihofu kupepesa. Jicho linapofyonzwa ili litulie, uoni hufifia au huwa giza kwa muda mfupi. Utasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, lakini hakuna kinachoungua, ni tishu inayogeuka mvuke. Mashine hufuata mwendo wa jicho, na kazi ya leza yenyewe mara nyingi haifiki dakika moja kwa kila jicho.

Je, wajua ukavu wa macho ndio lalamiko la kawaida zaidi?
Konea ina neva nyingi mno, na kuikata huzikata baadhi yake. Macho huwasha na kukauka kwa miezi, na kwa wengi hupungua ndani ya mwaka. Kwa wachache hubaki. Aliyekuwa na macho makavu kabla ndiye mwenye hatari kubwa, kwa hiyo atibiwe kwanza.

Je, wajua taa za usiku zinaweza kuota miduara?
Baadhi ya watu huona duara la mwanga au miale kuzunguka taa za magari, hasa miezi ya mwanzo. Dereva wa lori la usiku na mwendesha bodaboda walifikirie hili kwa uzito.

Je, wajua maji ya bomba ni adui wa siku za mwanzo?
Usifikiche, usiruhusu maji wala sabuni kuingia machoni, na lala na kinga ya macho kama ulivyoelekezwa. Kuogelea husubiri mwezi 1 hadi 2, michezo ya kugongana angalau wiki 4. Anayetawadha mara tano kwa siku amuulize daktari ni siku ngapi maji yasifike machoni, kisha amuulize mwenye elimu ya dini namna ya kujitwaharisha siku hizo. Rudi kwa daktari ndani ya saa 24 hadi 48 hata kama unaona vizuri.

Je, wajua leza haizuii uzee wa macho?
Baada ya miaka 40, lenzi ya ndani hukakamaa na vya karibu huanza kutoonekana vizuri. Mwenye namba −2 au −3 leo huvua miwani na kutunga uzi kwenye sindano bila shida. Akinyooshwa kwa leza aone mbali, atahitaji miwani ya kusomea. Fundi cherehani na sonara wenye umri huo wasikubali kabla ya kuelezwa hili.

Je, wajua namba huondoka, hatari hubaki?
Jicho lenye namba kubwa ya kutoona mbali ni refu, na retina yake imevutika. Leza hainyooshi nyuma ya jicho. Ukiona vimulimuli, madoa mengi ya ghafla, au kama pazia linashuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ulishaacha miwani.

Je, wajua leza inaweza kuficha presha ya macho?
Ukitoka na moja tu katika haya yote, toka na hili. Glakoma, ugonjwa unaohusishwa na presha ya macho, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na mara nyingi katika umri mdogo zaidi. Huua uoni kimyakimya, bila maumivu. Kipimo cha presha hufanywa kwa kuibonyeza konea, na konea iliyopunguzwa hubonyea kwa urahisi, hivyo mashine husoma presha ya chini kuliko iliyopo. Mtu anaambiwa yuko salama ilhali anapofuka polepole. Mwambie kila atakayekupima maisha yako yote: "Nilifanyiwa leza."

Je, wajua karatasi zako ni mali?
Ukipata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atahitaji kujua konea yako ilikuwaje kabla ya kuchongwa ndipo achague lenzi sahihi ya kuweka. Omba nakala za vipimo vyote vya kabla na baada, uzihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Miwani haimuumizi mtu. Upasuaji huu ni wa hiari, na kinachochongwa hakirudi: maji yakimwagika hayazoleki. Daktari akikupima saa nzima kisha akakwambia "wewe hufai," mshukuru na uvae miwani yako. Akikupangia tarehe kabla ya kupima unene wa konea, ramani yake, machozi, presha na retina, chukua mkoba wako utoke.