Augustino na Vitabu Vilivyomgeuza

Imani ya Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo, ilijengwa na vitabu vya watu wengine kabla vitabu vyake havijaanza kujenga imani za wengine. Tangu tarehe 8 Mei 2025, Papa Leo XIV alipojitambulisha mbele ya umati wa Roma kuwa mwana wa Augustino, jina hilo limekuwa likitajwa kila mahali. Wanaomtaja ni wengi kuliko wanaomsoma.

Habari ya vitabu vilivyomgeuza inaanzia Misri. Antoni, kijana aliyerithi mashamba ya wazazi wake, aliingia kanisani akasikia Injili ya Mathayo ikisomwa, pale Yesu anapomwagiza tajiri akauze alivyo navyo awape maskini. Aligawa mali yake akahamia jangwani. Alifariki mwaka 356, na muda mfupi baadaye Atanasi, Askofu wa Aleksandria, akaandika maisha yake kwa Kigiriki. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikavuka bahari hadi Ulaya.

Mwaka 386 Augustino alikuwa Milano, mwalimu wa ufasaha mwenye jina kubwa na moyo usiotulia. Siku moja alitembelewa na Ponticianus, Mwafrika mwenzake aliyekuwa na cheo katika utumishi wa kaisari. Juu ya meza ya kuchezea palikuwa na kitabu. Mgeni alikichukua akidhani ni cha kufundishia, kumbe ni nyaraka za Mtume Paulo. Alifurahi sana, akaanza kusimulia habari za Antoni, ambazo mwenyeji wake hakuwa amewahi kuzisikia. Akaongeza habari ya maofisa wawili wa kaisari mjini Trier, waliokuwa wakitembea bustanini wakaingia katika nyumba ya Wakristo fukara. Humo walikuta maisha ya Antoni yaliyoandikwa. Mmoja alisoma, na kabla hajaondoka pale akaamua kuacha kazi amtumikie Mungu, mwenzake akamfuata. Wachumba wao walipopata habari, nao wakajiweka wakfu.

Simulizi hiyo ilimwaibisha Augustino. Watu wasio na elimu yake walikuwa wamekwisha kuamua, naye bado alikuwa akisema kesho. Alitoka nje kwenda bustanini akilia, akasikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Alifungua nyaraka za Paulo, macho yakaangukia sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, inayokataza ulevi na uasherati na kuagiza watu wamvae Kristo. Shaka ikamwisha. Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, Askofu wa Milano.

Ikumbukwe kwamba Augustino hakwenda kuishi jangwani. Alirudi Afrika, akaanzisha maisha ya pamoja na rafiki zake huko Thagaste, akawa padri wa Hippo mwaka 391, kisha askofu. Alichochukua kwa Antoni ni uamuzi, si mavazi wala pango. Mwandishi mwema humwachia msomaji nafasi ya kuitika wito wake mwenyewe.

Deni lake kwa vitabu hivyo alililipa kwa kuandika Maungamo, kati ya mwaka 397 na 401 hivi. Ni vitabu 13 ambamo msemaji anazungumza na Mungu, hata anapoeleza wizi wa mapeari alioufanya na vijana wenzake akiwa na miaka 16, ilhali hawakuwa na njaa. Askofu aliyetangaza dhambi zake aliwapa wasomaji ujasiri wa kutaja zao. Mwaka 1336 mshairi Petrarca alipanda Mlima Ventoux akiwa na nakala ndogo aliyopewa na padri Mwaugustino. Aliifungua kileleni, ikamkemea kwa kustaajabia milima na kujisahau. Mtawa Teresa wa Avila, aliposoma habari za ile bustani mwaka 1554, aliona sauti ile inamwita yeye.

Mwandishi huyo alikuwa Mwafrika: Thagaste ni Souk Ahras na Hippo ni Annaba, yote ni miji ya Algeria ya leo. Anayedai kwamba Ukristo ni kitu kipya barani Afrika hajui historia. Hata Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Mwanza kina jina la Mwafrika.

Hata hivyo, heshima kwa mwandishi ina mpaka, na Augustino aliuweka mwenyewe. Katika kitabu chake kuhusu Utatu aliwaomba wasomaji wasiyachukulie maandishi yake kama Maandiko Matakatifu. Karibu na mwaka 427, akiwa mzee, alipitia vitabu vyake kimoja kimoja na kusahihisha alipoona amekosea. Wahubiri wa leo wasiopenda kuulizwa swali wangejifunza hapo.

Sentensi moja ya mtakatifu inayosambazwa kwa simu haiwezi kufanya kazi ya kitabu kizima. Anayempenda mwandishi na amsome toka mwanzo hadi mwisho, Biblia ikiwa pembeni, kisha abadilishe japo jambo moja katika mwenendo wake. Kumsifu bila kubadilika ni kazi bure.