RV ni Keja: Siku Tano Kando ya Ziwa Superior

Wasee wa Minnesota, leo nabonga na nyinyi kwanza. Namba plate za hii jimbo zimeandikwa maziwa elfu kumi, lakini wengi wetu wa Brooklyn Park tunajua moja tu, ile iko nyuma ya apatimenti, imejaa bata. Msee anapiga shifti mbili za kuangalia wazee, anatumia mathe doh, anadoz masaa manne, anarudi wera. Miaka tano inayeyuka hivyo. Na saa mbili na nusu kutoka kwa mlango yake kuna ziwa ya maji baridi yenye eneo kubwa kushinda zote duniani, Superior, kilomita mraba 82,100.

Unajua gani inafuata kwa hiyo listi? Victoria yetu. Mi nilizaliwa Kisumu, nikakulia Umoja, na siku nilijua hiyo kitu ilinikaa kwa roho. Nimetoka kwa ziwa nambari mbili nikakuja kuishi jirani na nambari moja, na miaka nne nzima sijai iona na macho.

So Machi hiyo tukakutana wasee watano kwa jikoni ya dem mmoja wa Rongai, chai na mandazi mezani, form ikiwa kusaka RV tusonge kando ya ziwa Julai. Morio mmoja alikuwa amejipanga kuliko sisi wote. Alikuja na ramani, anataka tuzunguke ziwa mzima: Minnesota, Ontario, Michigan, Wisconsin, turudi base. Kwa karatasi ilikuwa moto. Lakini hiyo raundi ni kama kilomita 2,100, na off yetu ilikuwa siku tano. Hiyo si kutembea, hiyo ni kuendesha lori.

Halafu kuna mambo ya makaratasi, na hapa naomba usome polepole. Kupita upande wa Ontario ni kuingia Canada. Mwenye green card anahitaji kadi yake na pasi ya Kenya ambayo haijaisha. Lakini yule ako hapa na visa ya shule anahitaji visa ya Canada pia, na yule kesi yake bado iko kwa maofisa hafai kuvuka mpaka kabla wakili wake ampe rada. Kwa mbogi yetu alikuwepo mmoja wa hiyo kesi. Hatungemwacha kwa mpaka kama mzigo. Tukakata shauri: upande wa Minnesota peke yake, kutoka Duluth hadi Grand Portage kwa Highway 61. Kilomita karibu 240, ni kama kutoka Nairobi ufike Mtito Andei. Na nawashow, hiyo inatosha siku tano na bado utataka kuongezewa.

Sasa kwa RV yenyewe. Wasee hukodisha hii kitu wakidhani ni ndai kubwa, na hapo ndio wanapotea njia. RV ni keja. Ikona jikoni, choo, vitanda, stima, gesi, na yote inafanya kazi vile keja ya Nairobi hufanya kazi, yaani kuna kitu huisha. Mtu ameishi Pipeline ama Umoja anajua hii maisha kuliko yule amezaliwa na maji ya mfereji haikatiki. Tangi yetu ya maji safi ilibeba lita 150, hiyo ni mitungi saba na nusu ya lita ishirini, watu watano. Unaoga kama bado uko ploti: unajilowesha, unafunga maji, unajipaka sabuni, unafungua tena. Afadhali zaidi, unaoga kwa bafu za kambi na unaachia keja maji ya kupika.

Chini ya sakafu kuna tangi zingine mbili. Moja inashika maji ya sinki na kuoga, nyingine ni ya choo. Zikijaa hakuna lori ya kunyonya itakuja ploti, wewe ndio lori. Kambi nyingi kubwa ziko na mahali pa kumwaga: unavaa glavu, unachomeka paipu, unafungua ya choo kwanza, halafu ya sinki ndio ioshe paipu ikipita. Tulipangiana zamu kabla tutoke na hakuna mtu alilia. Stima nayo, kambi ikiwa nayo, mara nyingi inakuja ampia 30. Ukiwasha AC na maikrowevu pamoja inaruka, sawa tu na vile jirani akichomeka koili ya kuogea na wewe unapiga pasi. Na si sloti zote ziko na stima, so soma kabla ubuku.

Doh tuliifanya kichama. Yetu ilikuwa ya futi 25, dola 190 kwa siku, siku tano, watu watano: kila msee akalipia siku moja. Mafuta ndio inauma. Keja ya hiyo saizi inakunywa lita moja kila kilomita nne hivi, na kwenda na kurudi kutoka Minneapolis ni kama kilomita 970, so piga hesabu ya lita 240 hadi 250 na uweke kando mapema. Leseni ya kawaida ya gari ndogo inatosha kuiendesha, lakini wakodishaji wengi wanataka dere awe amefika miaka 25. Juu ya insurance, piga simu kwa kampuni yako uulize kama inashika gari ya kukodi ya aina hii. Usibahatishe.

Kuna kosa moja tulifanya nataka uliruke. Tulipochukua RV tuliicheki injini ikiwa inanguruma, kila kitu ikawaka fresh, tukasaini. Kumbe betri ya upande wa nyumba ilikuwa imechoka. Usiku wa pili, saa tisa, feni ya hita ikazima na nje ilikuwa baridi ya kuvaa koti, Julai! Aliyetukodishia hakuwa ametuambia kitu. So ukienda kuchukua yako, zima injini, washa taa, pampu, hita na friji kwa nusu saa, ukikaa ndani. Ikilegea, kataa hapo hapo.

Sasa barabara. Duluth unafika na mteremko mrefu, na ghafla maji inajaza kioo yote ya mbele. Msee wetu wa Rongai alinyamaza, na huyo dem hakunanga kitu humnyamazisha. Tulipaki tukaenda kwa miguu hadi lile daraja la chuma linapandishwa juu lote meli ikifika. Meli za madini ya chuma zingine zina urefu wa zaidi ya mita 300, na zinapita hapo karibu uwape salamu ya mkono. Meli inapiga honi, daraja linajibu na honi yake. Watoi wanapiga makelele. Sisi pia tulipiga.

Ukitoka Duluth, Two Harbors, halafu mwamba wa Silver Creek Cliff, ambapo handaki ilichimbwa ikafunguliwa 1994. Kabla ya hapo magari yalikuwa yanapita nje kwa ukingo wa jabali. Gooseberry Falls usipite bila kushuka, maporomoko yako karibu na pakingi na hata mtu ako na magoti mabaya anafika. Kupaki kwa mbuga zingine za jimbo unahitaji stika, ya siku ama ya mwaka mzima. Chukua ya mwaka.

Lakini pale nilikaa muda mrefu kuliko kote ni Split Rock. Novemba 1905 dhoruba moja ilishika meli kwa hii ziwa, 29 zikavunjika ama zikaharibika. Baada ya hiyo serikali ikajenga mnara wa taa juu ya jabali la mita 40, ukawashwa 1910. Uliacha kazi 1969. Na kuna meli inaitwa Edmund Fitzgerald, iliondoka bandari ya Superior, Wisconsin, tarehe 9 Novemba 1975 na mzigo ya chuma, kesho yake usiku ikazama na watu 29, hakuna hata mmoja alitoka. Kila tarehe 10 Novemba taa ya Split Rock huwashwa kwa ajili yao. Nikisimama hapo nilifikiria wavuvi wa Dunga na wale wa Mbita, wale walitoka usiku kutega omena na upepo ukawashika. Ziwa ni ziwa. Mtu wa bara hudhani bahari peke yake ndio inaua.

Na hapa ndio sitaki mchezo na nyinyi. Kwa Kiswahili maji isiyo na chumvi tunaiita maji baridi. Superior imechukua hilo jina ikalifanya kweli. Wastani wa joto lake mwaka mzima ni kama digrii 4. Hata Julai ukidumbukia mwili unashtuka, unavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa iko chini ya maji unavuta maji. Kina chake kinafika mita 406. Victoria yetu ni karibu mita 80 tu. KICC ni mita 105. Panga tatu moja juu ya nyingine hapo pahali penye kina na hutaona hata ncha. Wengi wetu hatukufunzwa kuogelea, na hiyo si aibu. Loweka miguu, piga picha, kaa kwa mawe. Ukikodi kayaki, vaa jaketi ya kuelea na uende na mtu anajua hii maji.

Kutoka hapo mambo yanafuatana haraka. Palisade Head utataka kupanda, lakini barabara yake ni nyembamba na imejipinda, si ya RV; acha keja chini. Silver Bay kuna ufuo mweusi, watu wanaupenda kwa picha, na inafaa ujue rangi hiyo imetoka wapi: ni mabaki ya kiwanda cha madini ya chuma, yalimwagwa ziwani kuanzia 1955 hadi 1980, kesi ikaenda kortini hadi yakasimamishwa. Mtu wa Kisumu akisikia hiyo anakumbuka mitaro yetu. Mbele zaidi, mbuga ya Judge C. R. Magney, mto unagawanyika mbili, nusu inaingia kwa shimo inapotea. Watu walibishana miaka mingi maji yanaenda wapi. Mwisho wa 2016 wataalamu wa jimbo wakapima: juu ya maporomoko futi za ujazo 123 kwa sekunde, chini 121. Maji yanarudi tu mtoni.

Dishi tulipika wenyewe. Unga tulibeba kutoka duka la Wakenya, sukuma pia, na samaki tukanunua huko. Kando ya hiyo barabara wanauza samaki ya kukaushwa na moshi, trout na whitefish, na nikivunja ugali na hiyo kitu nilirudi kwa obambla ya nyanya yangu bila kupanda ndege. Kuni usibebe kutoka mjini. Kuna mdudu wa kijani anaua miti ya ash na anasafiri ndani ya kuni, so mbuga zinataka kuni zilizoidhinishwa, nunua hapo karibu. Usiku ficha chakula yote ndani, dubu wako. Na saa nne usiku zima muziki na jenereta. Tulikuwa Waafrika peke yetu kwa kambi mbili kati ya tatu. Siku ya kwanza tuliona macho, siku ya pili mzee wa jirani alileta mahindi ya kuchoma, tukampa chapo.

Mwisho wa barabara ni Grand Portage, ardhi ya Waojibwe. Hii ziwa kwa lugha yao ni Gichigami, maji makuu, na walikuwa hapa kabla ya jimbo lolote kuwa na jina. Hapo ndio mto Pigeon unaanguka kama mita 37, na ng'ambo yake ni Canada. Tulisimama wote watano, tukaangalia ng'ambo, tukageuza keja.

Sasa kama imekubamba, fanya hii. Kambi za mbuga za jimbo zinafunguliwa kubuku siku 120 kabla ya usiku unaotaka, saa mbili asubuhi, na sloti za kando ya maji huisha kwa dakika chache. Unataka usiku wa tarehe 25 Julai? Kuwa macho tarehe 27 Machi, akaunti ikiwa imefunguliwa, kadi mkononi, hata kama umetoka shifti ya usiku. Usilale kwanza.